Nyimbo Nilizoziruka Magarama

Nakumbuka mchana mmoja wa Jumapili, mwanangu, katika kibanda cha video pale Magarama, hapa Gitega. Ilikuwa miaka ile amani iliporudi, na watu wakirudi nayo kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Nilikuwa kijana niliyetoka sekondari, na kazi yangu ilikuwa kusoma maandishi ya Kifaransa chini ya filamu za Kihindi na kuwaeleza watu kwa Kiswahili. Nilijiona mtu mkubwa. Niliamini kwamba bila mimi wale wakulima na mafundi cherehani wasingeelewa lolote.

Wimbo ukianza, nilibonyeza rimoti nikauruka. Nyimbo zilikuwa ndefu, na mimi niliona hazisemi kitu.

Siku hiyo alikuwapo Mama Generoza, mjane aliyetoka Mwakiro, kule Muyinga. Alikuwa amesikia kwamba tuna filamu aliyowahi kuiona kambini na marehemu mumewe. Wimbo ulipoanza akaniona nainua rimoti, akasema polepole, "Uache huo, mwanangu. Ndio niliofuata."

"Mama, kwani unajua Kihindi?" nikamuuliza kwenye kipaza sauti. Watu wakacheka. Nikauruka.

Alibaki ameketi, akauimba mwenyewe. Mwanzoni alikuwa peke yake, sauti imekauka, maneno ya Kihindi yakimtoka moja moja kama mtu anayewaita watoto wake kwa majina. Kisha fundi cherehani mmoja, Mwislamu wa hapahapa mjini ambaye hajawahi kuvuka mpaka, akaudaka. Halafu wasichana waliokulia Tanzania. Kabla sijajua la kufanya, kibanda kizima kilikuwa kinaimba, na hakuna aliyejua maana ya hata neno moja.

Fundi akanigeukia. "We, mama iko na haki. Rudisha."

Nikarudisha. Mama Generoza aliutazama mpaka mwisho, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Mume wangu aliuimba akilima," aliniambia wakati wa kutoka. "Sauti yake ilikuwa imeanza kunipotea. Maneno umeyasema vizuri, mwanangu. Ila kwenye wimbo hatukukuhitaji."

Mpaka leo nastaajabu. Watu wa mbali namna ile walitunga wimbo, ukafika chini ya maturubai ya kambi, ukafika Magarama, na kila mahali ukapata wa kuuhifadhi neno kwa neno. Nani aliubeba? Miaka imepita, sijapata jibu. Ninalojua ni kwamba karibu mwaka mzima niliwakatia watu nyimbo zao, wakaondoka kimya, na sijui walikuwa wamefuata nini. Hao siwezi kuwaita tena.

Basi, mwanangu, elimu uliyoipata itumie kuwaeleza watu wasichokielewa, lakini usiwaamulie kipi kina maana kwao. Mtu akikuambia "uache huo", uache kwanza, maswali yatafuata. Mungu akupe nyumba yenye nyimbo, na akupe mtu atakayeikumbuka sauti yako siku utakapokuwa hupo.