Kikombe Alichokinywa Mume Wangu Mlimani

Nilimwambia njia nzima, kutoka Ibra mpaka chini ya mlima: "Bwana wee, ukipewa kahawa usinywe." Nilimwambia tulipopita Sinaw, nikamwambia tena tuliposimama kuswali. "Kwa watu wa milimani, mgeni mwenye haja huweka kikombe chini mpaka mwenyeji amuulize kilichomleta, na amkubalie. Ukishakinywa, basi, huna haja, umekuja kutembea tu." Akajibu, "Naam, naam, nimesikia." Mume wangu namjua. Akisema naam mara mbili, hajasikia kitu.

Na hatukwenda kutembea. Tulikwenda na mwanangu wa kiume, kumposea msichana anayefanya naye kazi Nizwa, mtoto wa kijiji kidogo huko juu Jabal Akhdar. Jamaa za baba wa msichana, wa kijiji cha pili, walikuwa wameshapeleka habari kwamba nao watakuja kuposa siku hiyo hiyo, baada ya alasiri. Wakitutangulia, imekwisha. Wiki nzima mwanangu hali, halali, ananitazama usoni kama miye ndiye kadhi.

Chini ya mlima pana kizuizi cha askari, ungedhani unavuka kwenda nchi nyingine. Gari za kawaida hazipiti, lazima ziwe zile za milimani, zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Hilo pia nilimwambia. Yeye kaja na gari yake ile ile ya kuendea sokoni, kisha akaanza kubishana. "Kijana, miye nimeendesha gari Pemba, masika, matope mpaka hapa!" Askari masikini ya Mungu hata hajui Pemba iko wapi. Lahaula! Tukaiacha gari pale, tukangoja mpaka tukapata mtu wa huko juu wa kutupandisha kwa gari yake, na adhuhuri ikatupita hapo hapo. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini hawa hawashuki. Mwenye haja ndiye apande.

Kijiji chenyewe nyumba chache tu ukingoni mwa bonde, vishamba vya ngazi ngazi, mikomamanga haina hata jani, na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Wanaume wakakaribishwa sablani, chumba chao cha wageni. Miye nikapelekwa ndani kwa mama wa msichana, mwanamke mwembamba, mpole, maneno machache. Msichana mwenyewe hakutokea, na ndiyo heshima. Nikamiminiwa kahawa. Nimekishika tu kikombe, simu ikalia mkobani. Ni mwanangu, kaniandikia kutoka sablani.

"Mama, Baba kakinywa."

Astaghfirullah! Nilitamani ardhi ipasuke. Sijakaa sawa, ukaja ujumbe mwingine: "Kaongezwa cha pili. Kaulizwa habari, kasema hakuna habari, kheri tu. Sasa wanazungumza mambo ya nyuki."

Nyuki! Nimelea mtoto miaka yote hiyo, nimepanda mlima na magoti yangu haya mabovu, mtu anazungumza nyuki. Na mwanangu mwenyewe hawezi kufumbua mdomo, maana mposaji hajisemei. Mume wangu najua atajiteteaje. Atasema mamake alimfunza, kule Unguja, kikombe cha mtu hakikataliwi, ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Kweli alimfunza. Lakini Unguja ameiacha ana nywele nyeusi, na sasa hana hata hizo nyeupe!

Dirishani jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa na mwanamke, kwani posa husemwa na wanaume, na kahawa ya ndani haina sharti hilo. Nikakiweka kikombe changu chini, kimejaa, nikakisogeza mbali na goti langu.

Mama wa msichana akakitazama. Akanitazama na miye.

"Kahawa yako inapoa," akaniambia kwa Kiarabu chao cha milimani.

"Naiona, dada yangu."

"Una haja?"

"Ninayo. Lakini kule sablani wameshaimeza."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Tangu mmeingia namwomba Mungu mmoja wenu aweke kikombe. Binti yangu yuko nyuma ya ukuta huu, hajala tangu jana. Sisi hatuwezi kuwauliza nyinyi mpaka kiwekwe." Macho yamemjaa maji. Miye nilikuwa nimejiona ndiye mama pekee mwenye moto kifuani siku ile. Akainuka, akaenda kumwita mumewe mlangoni.

Nikabaki peke yangu na dala, birika lao la kahawa, na hasira zangu. Simu ikalia.

"Mama, mwenyeji kamnyang'anya Baba kikombe! Kamwekea kingine, kajaza, kamwambia: hiki usikiguse mpaka useme kilichokuleta."

Nikaiweka simu gotini, nikangoja. Huko nje nikasikia gari inapanda, nikajua ndio wale wa kijiji cha pili. Mama wa msichana akarudi, akakaa karibu yangu, akanishika mkono, na wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

"Kaambiwa anywe," ukasema ujumbe wa mwisho.

Kile changu nilikinywa hivyo hivyo kimepoa. Nyuma ya ukuta mtu alilia, akacheka, akalia tena.

Tuliporudi kwenye gari yetu kizuizini, mume wangu akajinyoosha, akasema, "Umeona? Nilikwambia usiwe na wasiwasi. Watu hawa waungwana, mwenyeji mwenyewe ndiye aliyeniuliza." Ningemjibu tungegombana mpaka Ibra.

Siku hizi mkwe wangu, yule msichana wa mlimani, ndiye anayetumiminia kahawa. Humpa baba mkwe wake kikombe, lakini hakiachii, hukishikilia kwanza.

"Una haja, ami?"

"Sina, mwanangu," humjibu, kanyoosha mkono.

"Basi kunywa," humwambia, na ndipo hukiachia.