Mito Mingapi

Miezi miwili baada ya baba kufariki, mama alianza kutweta kila akitoka chooni kurudi chumbani. Mwendo wenyewe hatua kumi na mbili. Najua kwa sababu nilizihesabu. Mimi nikiingiwa na hofu huhesabu. Alikuwa ndani ya eda, na kwetu Bagamoyo, miaka ile ya sabini, mjane hakuvuka kizingiti mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Watu walimfuata yeye, yeye hakumfuata mtu.

Tabibu wa hospitali ya wilaya alikuja kumpima. Mama alijifunika gubigubi, akasikilizwa kifua juu ya kanga. Tulipotoka uani tabibu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba moyo umechoka, na kwamba angependa mama aonwe na daktari bingwa wa moyo, Dar es Salaam. Nikarudi ndani kumwambia.

"Nikitoka humu eda haijaisha," mama akasema, "baba yenu nitamwambia nini?"

Mwalimu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, akatuma neno kwamba ugonjwa ni ruhusa. Mama akajibu kwamba mwalimu hana eda. Isitoshe ilikuwa masika, na malori yalikuwa yamekwama Kerege, njia ya Dar, matope nusu ya magurudumu. Mungu anisamehe, niliishukuru mvua ile, maana ilinipa kisingizio cha kutobishana naye.

Tabibu hakukata tamaa. Alikuwa amefanya kazi chini ya yule bingwa zamani, akampigia simu, wakakubaliana: kila Jumanne na Ijumaa, mchana, tabibu amsomee vipimo vya mama, naye aseme la kufanya. Simu ilikuwa ile ya kukoroga, juu ya meza ya tabibu, na mpaka opareta akuunganishe umeshasahau ulichotaka kusema. Bingwa akaagiza vidonge. Mama akavimeza. Wiki ikapita, na zile hatua kumi na mbili sasa akawa anazigawa mara mbili, katikati anashika ukuta.

Ijumaa iliyofuata bingwa alimwambia tabibu, "Nipe mtu anayeishi naye." Nikaitwa kutoka shuleni, nilikokuwa nikifundisha darasa la tatu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti. Mama analalia mito mingapi?"

Nilikasirika. Nimeacha watoto arobaini peke yao, nije kuulizwa habari za mito?

"Mto upo mmoja," nikasema, "lakini hata huo haulalii. Mama yangu anakesha. Anakaa kitandani akivuta uradi kwa ajili ya marehemu, mwezi mzima sasa."

Nilisema kwa fahari, siwezi kuficha. Wanawake waliokuja kumtazama niliwaeleza hivyo hivyo, wakawa wanasema mama yako ni mtu wa peponi, nami navimba kichwa.

Simu ikakoroma kidogo. "Anakaa usiku kucha?"

"Ndiyo, ameegemea ukuta."

"Na zamani alikuwa akikesha hivyo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka kwamba mama, baba alipokuwa hai, alilala mapema kuliko kuku.

"Hapana," nikasema.

"Nenda nyumbani sasa hivi. Mwambie alale chali, bila mto, wewe ukimtazama. Kisha rudi unieleze. Siondoki hapa."

Nilikimbia, buibui nimelishika mkononi, kandambili nimezivua. Watu barazani walisimama wakidhani tumefiwa tena, na mimi mwenyewe nilikuwa nadhani hivyo kabla sijafika.

Nilimkuta amekaa. Nikamwomba alale chali.

"Mchana huu?"

"Mchana huu, mama."

Alinitazama, nikaona kwamba anajua ninachokitafuta. Akajilaza polepole. Nikaanza kuhesabu pumzi. Nilifika tisa. Macho yakamtoka, akanikamata mkono, akainuka akihema kama mtu aliyetolewa kisimani. Nikafunua kanga miguuni. Vifundo havikuonekana tena. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomsomea baba yenu arobaini."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alingoja pumzi ikae sawa. "Mlikuwa mnasema nakesha kwa ajili yake. Nikaona afadhali mseme hivyo. Mngenitoa humu."

Nilimkasirikia, nikatamani kumtikisa. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe. Mwezi mzima nilikuwa nikiwasifia wageni ugonjwa wa mama yangu.

Niliporudi kwenye simu nilieleza kila kitu, na zile pumzi tisa. Bingwa hakunilaumu; alisema moyo uliochoka huacha maji yajae mapafuni mtu akilala. Alimwagiza tabibu amchome sindano ya kutoa maji mwilini, akamkataza mama chumvi na papa mkavu, akaongeza jambo moja: kama hadi kesho adhuhuri hajakojoa vya kutosha, aletwe Dar, eda au si eda, hata kama ni kwa kubebwa kwenye kitanda.

Mama alichomwa alasiri ile. Nikaweka beseni chini ya kitanda na kukaa. Saa ya kwanza hakuna kitu. Saa ya pili hakuna. Nilianza kufikiria nani na nani watashika miguu ya kitanda, na kama atanisamehe kwa kumtoa. Kisha akaniomba beseni. Akaniomba tena, na tena, mpaka akaona haya. Mimi nilikwenda kumwaga kila mara nikiwa na furaha isiyo na adabu. Jumamosi adhuhuri tabibu alipima, akasema maji yanatoka vizuri, tusimtoe bado.

Jumanne bingwa akanitaka mimi tena kwenye simu.

"Analala?"

"Analala, daktari. Kwa mito miwili, wake na wangu."

"Amekuambia hivyo yeye, au umeona mwenyewe?"

Jana yake mchana nilikuwa nimesimama mlangoni muda mrefu, nikimtazama amelala ubavu, mdomo wazi, anakoroma.

"Nimeona mwenyewe," nikasema, kisha nikalia kwa sauti mbele ya tabibu, nisijali kama opareta anasikiliza.