Tulipoazimana CD za Gemu Mbotela

Enzi zetu gemu ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ilikuwa na harufu ya plastiki, au ya kabati la mtu aliyekuazima, na ukiiangusha sakafuni mama yako alisikia akiwa jikoni na kukuuliza umevunja nini tena. Nyinyi mliokulia Mbotela na mitaa ya karibu mnajua ninachosema. Kama hamjui, basi mlikuwa wale watoto waliokatazwa kutoka nje, na nawapa pole.

Baba yangu alifanya kazi reli, na siku moja alituletea mashine ya gemu iliyokuwa imeshatumiwa na watu wengine mpaka ikachoka. Ilikuwa na vituko vyake. Haikusoma CD mpaka uipindue, tumbo likae juu, kisha uweke kitabu cha hesabu upande wa kushoto ili iinuke kidogo. CD ikikwama, tuliitoa na kuifuta kwa fulana, kutoka katikati kwenda pembeni, kamwe si kwa kuzungusha. Ikikataa kabisa tuliipaka dawa ya meno, tukaiacha ikauke, halafu tukaisuuza. Mwanangu Tito amesoma mtandaoni kwamba dawa ya meno haisaidii chochote. Nimemwambia aliyeandika hayo hakulelewa Eastlands.

Hakuna nyumba iliyokuwa na gemu nyingi. Kila mmoja alikuwa na moja, akibahatika mbili, na zote zilizunguka mtaani hata usijue tena iliyoanza kwa nani. Lakini kulikuwa na sheria, na sheria hiyo tuliichukua kwa mama zetu bila wao kujua. Mama zetu walikuwa hawarudishi sahani ya jirani bila kuweka kitu ndani. Ukiletewa sambusa, sahani inarudi na ndizi au njugu. Basi na sisi tukafanya hivyo hivyo na kava za CD. Ukiazima gemu kwa mtu, siku ya kuirudisha unaweka CD yake ndani ya kava, na juu yake unaweka yako, naye acheze. Kurudisha kava bila cha kwako kulikuwa aibu kubwa. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyefanya hivyo, na mpaka leo tukikutana naye mjini tunamkumbusha.

Rafiki yangu mkubwa katika mambo haya alikuwa Yusuf. Kwao kulitazamana na kwetu, katikati kukiwa na kiwanja chenye bomba la maji na kamba za nguo. Mama yake, Mama Yusuf, aliuza vitambaa kwa jumla Eastleigh. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Kila Ramadhani jua likizama sahani yake ilivuka kiwanja ikaja kwetu, na kila Krismasi chapati za mama zilivuka zikaenda kwao. Mama akimwita "dada", na Mama Yusuf akimwita "Mama Nekesa wangu", kana kwamba Mbotela nzima kulikuwa na akina Mama Nekesa wengine wa watu.

Halafu wakakosana. Mama Yusuf alikuwa amefua vitambaa vyekundu vipya akavianika, upepo ukavuma, na kitambaa kimoja kikajilaza juu ya sare nyeupe ya kanisani ya mama. Sare ikawa na madoa ya rangi ya waridi begani na mgongoni. Mama aliikuta hivyo Jumamosi jioni, na Jumapili alikuwa aimbe kwaya mstari wa mbele. Akangoja aombwe msamaha. Mama Yusuf hakusema neno. Mama naye akanyamaza, na mama yangu akinyamaza ananyamaza kwelikweli. Wakawa wanachota maji bomba moja bila kusalimiana. Sahani ya mwisho ya Mama Yusuf ilibaki kwetu, juu ya kabati, na hakuna aliyeigusa.

Iliniuma sana. Nilizoea nyumba mbili, na sasa nilikuwa na moja. Kitu pekee kilichoendelea kuvuka kile kiwanja kilikuwa kava la CD, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekumbuka kutukataza.

Ndipo Yusuf akaniazima gemu ya magari ambayo mjomba wake alikuwa amemletea kutoka ng'ambo. Ilikuwa halali kabisa, yenye picha juu yake, si zile zetu za kuandikwa kwa kalamu ya wino. Niliicheza mpaka ikaanza kukwama kwenye kona ya mwisho. Nikaipaka dawa ya meno asubuhi, nikaiacha mezani ikauke, nikaenda shule.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu mama alikuwa na kijishamba cha sukuma wiki, na ndege walikuwa wanamsumbua. Mnakumbuka CD iliyokufa ilikuwa na kazi gani: ilifungwa uzi ikaning'inizwa bustanini imulikemulike, ndege waogope. Mama aliiona CD mezani, nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, akajua hiyo tayari ni marehemu. Niliporudi kutoka shule niliikuta gemu ya Yusuf inacheza na upepo kwa uzi wa sufu, ikijigonga kwenye mabati ya ua kila ikizunguka.

Nililia, nawaambia ukweli. Mama akatoka mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

"Si nilijua imekufa!" akasema. "Nani anapaka CD nzima Colgate?"

"Ni ya Yusuf, mama."

Uso wake ukabadilika. Aliifungua, akaifuta kwa khanga, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imechubuka vibaya. Na kwa bahati mbaya, jioni hiyohiyo Yusuf akanikuta bombani.

"Niaje Nekesa. Ile CD leta basi, mathe amesema tunahama Jumamosi."

Niliona wazi kitakachotokea. Wangehama wakiwa na hasira, wakisema wale watu walituharibia hata kitu cha mtoto, na mama asingeweza tena kuvuka kwenda kuzungumza na mtu, kwa kuwa hakungekuwa na mtu upande ule. Nilimweleza mama kwamba wanahama. Akakaa kitandani, akatazama ile sahani juu ya kabati.

Baadaye akaniita. "Hizi kava zenu, mnarudishaje?"

Nikamweleza kwamba lazima uweke CD yako juu ya ile ya mwenyewe.

"Yoyote?"

Nikasema yoyote, kwa sababu nilidhani anauliza tu. Akafungua kabati, akatoa CD pekee aliyokuwa nayo mwenyewe, ile ya kwaya ya akina mama ya kanisa letu, ambayo yeye ameimba ubeti wa pili peke yake. Akaipachika ndani ya kava juu ya CD ya Yusuf. Akachukua sahani, akaijaza njugu, akajifunga leso, akavuka kiwanja. Mimi nilimfuata nikiomba Mungu asifike. Mama wa kwaya anawapelekea Waislamu nyimbo za kanisa ndani ya kava la gemu ya magari!

Mama Yusuf alifungua mlango. Walitazamana. Mama akanyoosha mikono yote miwili, sahani mkono huu, kava mkono ule.

"Hodi, dada," akasema. "CD ya mtoto nimeiharibu. Nimefukuzia ndege."

Mama Yusuf akafungua kava. Akasoma maandishi ya CD ya juu. Akasoma tena.

"Mama Nekesa wangu," akasema polepole, "umekuja kuniokoa?"

"Ni sheria ya watoto! Wamesema kava halirudishwi bila kitu, na mimi sina nyingine!"

Mama Yusuf alicheka mpaka akashika mlango. Mama naye akaanza, na wakacheka wote wawili wakifutana machozi, kisha nikaona hayo si machozi ya kicheko tu. Mama Yusuf akamshika bega, palepale madoa yalipokuwa siku ile.

"Ile rangi niliiona, dada. Niliiona kabla yako. Nilishikwa na haya nikashindwa kuja, na kila siku ikawa ngumu zaidi."

"Ingia ndani," akamwambia, na mama akaingia. Chai ilipikwa. CD ya kwaya ilichezwa, kwa sauti ya chini, na ubeti wa pili ulipofika Mama Yusuf akamtazama mama kwa mshangao kama anamwona mara ya kwanza. Jumamosi walipohama, mama ndiye aliyefunga vyombo vyao kwa magazeti. Walihamia mbali kidogo tu, na tulijua njia.

Leo ninaishi mtaa wa Tena, na bado nanunua gemu za CD. Zimepangwa sebuleni, na Tito akileta wenzake huwaonyesha kama vitu vya makumbusho. Za kwake zote anazishusha mtandaoni. "Mathe, sina hata CD moja na niko na gemu mingi kukushinda," huniambia, na ni kweli. Hazichubuki, hazipotei chini ya kiti, na hakuna mama atakayezitundika kwenye sukuma. Nilipomuuliza kama anaweza kumwazima rafiki mojawapo, alinionea huruma. "Haiendi hivyo. Iko kwa akaunti yangu." Basi nami nikamwonea huruma yeye.

Anaye rafiki wa kucheza naye kila alasiri kupitia visikilizi vya masikioni, kijana anayejiita jina lenye tarakimu nyingi kuliko herufi. Waligundua wote wako Tena siku mnunuzi wa vyuma kuukuu alipopita na kipaza sauti chake: kwanza alisikika ndani ya visikilizi, kutoka upande wa yule kijana, na muda mfupi baadaye akapita chini ya dirisha letu. Walicheka sana siku hiyo, kisha wakaendelea kucheza. Sasa yule kijana hajaonekana mtandaoni kwa muda. Tito hukaa na pedi ya gemu mkononi, anaangalia kama jina litawaka, halafu anaizima mashine mapema. Jana nilimwambia aache kujitesa, aende kwao akaulize.

"Kwao ni wapi, mathe?"

Nilikwenda dirishani nikatazama milango ya mtaa mzima. Kuna mtoto wa mtu hapa Tena, labda mgonjwa, labda amehama, na mwanangu anamkumbuka sana, wala hajui abishe mlango upi.