Gurudumu la Cherehani na Nafasi ya Nne

Meza ya ukumbi wa mjini Iringa ilivunjika mguu, na fundi seremala niliyekuwa nikimfanyia kazi akanituma kwenda kuutengeneza. Hivyo ndivyo nilivyoujua mpira wa meza. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne baada ya wazazi kufariki, na nyumbani Kihesa nilikuwa nikiwalea wadogo zangu wawili. Wa tatu, msichana, mama mdogo alimchukua kwenda naye Mbeya akiwa bado anabebwa mgongoni. Kila mwaka nauli ya kumfuata ilinishinda. Kisha mama mdogo akaleta salamu kupitia dereva mmoja: mtoto ni mzima, ila akiambiwa ana kaka zake Iringa, hucheka akidhani ni hadithi.

Pale ukumbini nikasikia kwamba wachezaji wanne watapelekwa Mbeya kwa lori kushindana na wenzao wa huko. Watatu walikwisha kujulikana. Nafasi ya nne ilikuwa ya karani mmoja, mpaka atokee mtu wa kumshinda. Nikaomba niruhusiwe kujifunza jioni baada ya kazi.

Nilipocheza na karani mara ya kwanza, hakupiga kwa nguvu. Aliukata mpira kwa chini, ukaja taratibu kama mgonjwa, na kila nilipoupiga ulitumbukia kwenye wavu. Nikiongeza nguvu, uliruka hadi dirishani.

“Fundi, meza imeishia hapa,” alisema akigonga ukingo kwa kibao chake cha kuchezea. “Huko unakoupeleka ni Dodoma.”

Watu walicheka. Aliyecheka zaidi ni mzee mmoja mshonaji, mtu wa pwani, aliyecheza sana ujanani.

“Unapiga randa, bwana mdogo!” aliniambia. “Mpira si mbao, huulainishi.”

Ilikuwa kweli. Nilikaza kifundo cha mkono, nikaegemeza kifua na kusukuma moja kwa moja mbele, kama nilivyosukuma randa kutwa nzima.

Kesho yake akaniita kwenye baraza ya duka lake. Akanisimamisha nyuma ya cherehani, upande ambao mshonaji hakai, akaniambia nilizungushe gurudumu la mkono kwa kiganja. Nikalisukuma. Cherehani ikatikisika, gurudumu halikwenda.

“Mzee, ni zito.”

“Si zito. Unagombana nalo. Lipapase, toka chini kwenda juu, mkono upitilize.”

Nikalegeza kifundo. Kiganja kikaugusa ukingo kidogo tu, kikapanda na kupita. Gurudumu likazunguka lenyewe, sindano ikapanda na kushuka pasipo uzi.

“Mpira ndio huo,” alisema. “Kibao kianzie karibu na goti, kimeinama mbele kidogo. Uguse mgongo wa mpira kikiwa kinapanda, kisha kimalizie mbele ya paji la uso wako. Ukizunguka hivyo, utapita juu ya wavu na utashuka wenyewe.”

Kuelewa kulikuwa rahisi. Mkono ndio uliokataa. Mchana ulisukuma randa, jioni niliubembeleza upapase. Mara nyingi kibao kilipita hewani bila kuugusa mpira, au mpira uligonga ukingo wa kibao na kuwapiga watazamaji. Nyumbani nilipandisha mkono mtupu hata nikisubiri ugali uive, mpaka mdogo wangu akaniuliza, “Kaka, unafukuza nzi gani?”

Siku ya kugombea nafasi ile, karani alinifunga mchezo wa kwanza kwa urahisi. Wa pili nikaupata. Wa tatu tulikwenda sambamba karibu hadi mwisho. Nilipobakiza pointi moja nishinde, akaukata mpira chini kabisa. Nikakunja magoti, nikausubiri ushuke, nikaupapasa. Ulipanda juu ya wavu, ukajikunja, ukagonga meza na kumrukia kifuani.

“Umeuwekea nini mpira huu?” aliuliza karani.

“Cherehani!” alijibu mshonaji, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Karani alikuja kunishika mkono.

Tulifika Mbeya tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Wenyeji walicheza vizuri sana. Mimi nilifungwa, na sikuona uchungu mwingi. Jioni hiyohiyo nikaulizia njia ya kwenda Mwanjelwa, alikokaa mama mdogo.

Msichana alikuwa amefikia kiuno changu. Alinisalimu kwa Kinyakyusa, kama mtoto wa huko, kisha akajificha nyuma ya mama mdogo.  Nikatoa kibao na mpira nilivyoazimwa ukumbini, nikaanza kuudundisha mpira ukutani. Baada ya muda akachungulia. Nikamnyooshea kibao. Alikishika kama mwiko, akaukosa mpira mara tatu, mara ya nne akaupata, ukarukia kwa kuku.

“Tena,” alisema kwa Kiswahili, akinitazama.

Lori lilikuwa linaondoka kesho yake mchana. Nikaenda kuuokota mpira.