Mistari Mitano Niliyoandika Kilimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za ghorofa sita, karibu na Moi Avenue jijini Nairobi, kwa sababu lifti ilikuwa imebandikwa karatasi iliyosema inatengenezwa. Niliondoka pale miaka minne baadaye na karatasi ilikuwa ingali pale pale. Ngazi zilikuwa mia moja na nane. Nilizihesabu nikipanda, nikazihesabu tena jioni nikishuka, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Mama alikuwa muuza vitunguu Kawangware, na kwake fungu lisilohesabiwa mara mbili halikuwekwa mezani.

Mkuu wa Mitambo, aliyeniajiri, alikuwa mtu mfupi mwenye suti moja na kalamu tatu. Hakuomba kuona cheti. Alinionyesha skrini.

"Mashine yetu imeuliza mashine ya watu swali. Imejibiwa nini?"

"Mia nne na nne."

"Maana yake?"

"Sijui, bosi."

"Vizuri. Aliyekuja jana alijifanya anajua."

Kisha akanieleza. Mashine mbili zikizungumza mtandaoni, ile inayoulizwa, ambayo sisi huiita seva, hutanguliza namba ya tarakimu tatu kabla ya neno lolote. Mia mbili: sawa, umepata ulichotaka. Mia tatu na moja: kimehama, anwani mpya ni hii. Mia nne na tatu: nimekuelewa, lakini huingii. Mia nne na nne: hapa hakuna kitu kama hicho. Mia tano: nimeharibikiwa. Mia tano na tatu: siwezi sasa hivi, uliza tena baadaye.

"Ikianza na nne, kosa ni la aliyeuliza," alisema Mkuu. "Ikianza na tano, kosa ni letu. Ukijua kosa ni la nani, umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuomba msamaha."

Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, katika ofisi tano. Nimehesabu tena: tano. Macho yamechoka, mgongo umechoka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haina hata kitu cha kumsimulia mtu. Nyinyi mnaoanza nawaandikia kwa sababu ya mistari mitano ya programu niliyoiandika katika ofisi ya nne, na kwa sababu ya mzee mmoja ambaye mistari hiyo ilimwangusha.

Ofisi ya nne ilikuwa Kilimani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitanda. Kampuni ilikuwa ikiunganisha zahanati ndogo na stoo ya dawa zinazohitaji kukaa kwenye baridi. Nesi anabonyeza oda, programu yake inaipeleka kwa seva yetu, seva inaiandika kwenye orodha ya stoo, dawa inapakiwa. Pande zote mbili niliziandika mimi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Lugha hiyo ni nzuri ila ina upole wa kukuponza. Ukitumia maktaba yake ya requests kuuliza seva, na seva ikajibu mia tano, programu yako haishtuki. Inaendelea na safari kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Ni lazima wewe mwenyewe uiambie, kwa amri ya raise_for_status, kwamba ikijibiwa vibaya isimame na ipige kelele.

Ukutani palikuwa na skrini kubwa. Seva ikijibu mia mbili, kijani. Ikijibu mia tano na kitu, nyekundu. Mkurugenzi, aliyekuwa akikaa Lavington, alikuwa na skrini hiyo hiyo kwenye simu yake.

"Madam," Meneja wa Huduma aliniambia asubuhi moja, "mkurugenzi akiona nyekundu ananipigia simu. Wiki hii amepiga mara nne."

"Mara tano. Ulisahau ya Jumanne mchana."

"Unaona? Sasa, hakuna njia seva ikikwama ijibu tu vizuri? Mia mbili, halafu ndani iseme samahani."

"Itakuwa inadanganya, bosi."

"Itakuwa na adabu."

Nilijua. Hapo ndipo naomba msiniongezee wala msinipunguzie: nilijua, nikaandika. Mistari mitano. Kosa lolote likitokea ndani ya seva, mistari ile ililimeza na kurudisha maneno "Samahani, jaribu tena" pamoja na namba mia mbili. Upande wa zahanati, programu yangu haikusoma maneno. Ilitazama namba peke yake, ikiona mia mbili inamwandikia nesi: Oda imepokelewa. Skrini ikawa kijani kama shamba la majani chai. Mkurugenzi akaacha kupiga simu. Meneja akaninunulia mandazi mawili.

Kila Ijumaa nilikuwa na mazoea yangu ambayo hakuna aliyenituma. Nilihesabu oda ambazo zahanati ziliambiwa zimepokelewa, nikahesabu zilizoandikwa stoo. Ijumaa moja nikapata sitini na moja huku, hamsini na nane kule. Nikarudia. Sitini na moja, hamsini na nane. Tatu zilikuwa zimemezwa Jumanne, orodha ya stoo ilipokwama kwa dakika ishirini. Mbili zilikuwa za chanjo ambazo zingeweza kungoja. Ya tatu ilikuwa ya insulini, ya zahanati moja ya Mutuini.

Nikampigia nesi wa pale. "Sista, insulini yenu imefika?"

"Bado. Lakini si mtambo wenu unasema imepokelewa? Tumeketi tunangoja. Kuna mzee huku, Mzee Wafula, soja wa kulinda geti Lavington, yake iliisha Jumanne. Nilikuwa namtuma kwingine nikaona aah, mbona niwatese wazee na oda ishapokelewa? Amekuja Jumatano kwa mguu, amekuja jana kwa mguu. Leo ameletwa na boda boda, na haongei vizuri."

Nilishuka stoo mwenyewe, nikatia dawa kwenye sanduku la barafu, nikasimamisha boda boda ya kwanza niliyoiona iipeleke Mutuini. Dereva akataja bei. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikubishana. Alishangaa mpaka akawasha pikipiki polepole, akidhani nitamwita arudi.

Kisha nikapanda kwa meneja.

"Nataka namba zote zirudi."

"Zote ngapi?"

"Zilizo kwenye kanuni za mtandao, sitini na kitu."

"Madam, hapa si soko la Kawangware."

"Ni pale pale. Nipe nane."

"Chukua moja."

"Sita. Na nyekundu ya mkurugenzi nitaipaka manjano."

Akafikiri. "Manjano anaipigia simu?"

"Hakuna anayejua maana ya manjano."

"Tatu."

"Kuna mtu huko Mutuini sijui kama anapumua, bosi. Tano, ama nimpigie mkurugenzi mimi, nimweleze kijani chake kinatoka wapi."

Akatazama skrini, akanitazama mimi. "Nne."

"Nne," nikasema, na nikaona aibu papo hapo, maana nilikuwa nikinunua nusu nusu ukweli ambao niliuuza mwenyewe kwa mandazi mawili. Nilichukua mia nne, yaani umeuliza vibaya, kisha mia nne na nne, mia tano, na mia tano na tatu. Nikaifuta mistari mitano. Nikaandika raise_for_status upande wa zahanati, na nesi akawa anaambiwa waziwazi: Oda haijafika, itume tena baada ya dakika mbili.

Simu ya nesi ilikuja saa saba mchana. Dawa ilikuwa imefika. Mzee alikuwa amechomwa sindano na kupelekwa hospitali, yu hai, lakini aliposhuka kwenye boda boda iliyomleta asubuhi alikuwa amepata kizunguzungu akaanguka langoni mwa zahanati. Hospitalini ikaonekana nyonga imevunjika. Alilala hospitali wiki saba. Alipotoka, geti la Lavington lilikuwa na soja mwingine.

Mwaka jana nilistaafu kutoka ofisi ya tano. Walinipa keki na saa ya ukutani ambayo inachelewa. Siku hizi nakaa Mutuini, ambako wananiita Mama Ciku, nina kuku kumi na mmoja na vyumba vinne vya kupangisha. Mzee Wafula anakaa ploti ya tatu kutoka kwangu. Saa nne asubuhi hupita na fimbo yake, anaketi kwenye benchi nje ya lango langu, tunakunywa chai. Miezi minane tulikunywa hivyo bila mimi kusema. Alidhani dawa ilichelewa njiani.

Juzi nikasema. "Mzee, ule mtambo ulioandika oda imepokelewa, ni mimi niliuandika. Ulikuwa umekwama, nikaufundisha useme sawa."

Aliweka kikombe chini. "Uliambiwa, ama ulijiamulia?"

"Niliambiwa. Lakini nilijua."

"Mimi geti lile nimekaa miaka kumi na tisa. Mgeni akija na tajiri hayuko, namwambia hayuko. Akikosea nyumba, namwambia umekosea. Tajiri akaniambia, Wafula, wewe waambie karibu, wangoje hapo nje. Nikakataa. Mtu utamwambiaje karibu na unamwacha kwa mvua? Na mimi, Mama Ciku, niliachia darasa la nne."

Nilitazama kuku.

"Na sasa ikikwama inasemaje?" akauliza.

"Inasema mia tano na tatu. Maana yake, siwezi sasa hivi, uliza tena baadaye."

"Mia tano na tatu," akarudia, taratibu, kama mtu anayeshika namba ya simu. Akainuka. Nilimpa mkono wa kumsaidia, hakuutaka.

Leo saa nne nilikuwa nimeshatoa birika na vikombe viwili. Akaja na fimbo yake, akafika usawa wa benchi.

"Mzee Wafula, karibu chai."

Alisimama, akanitazama vizuri. "Leo mia tano na tatu, Mama Ciku," akasema, akaendelea na njia yake.

Nilirudisha kikombe kimoja jikoni. Kesho nitamuuliza tena.