Mvumo wa Mama

Kwenye kile kituo cha chuo kikuu kinachochunguza muziki wa mitambo na tabia za sauti, kulikuwa na dada mmoja ambaye kila mtu alimwita Sikio. Kazi yake ilikuwa kupima spika na kuokoa kanda za zamani, na akikwambia spika yako inakoroma, usibishe, utaumbuka bure.

Kilichompeleka kwenye kazi hiyo ni kanda moja. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza hata kutambaa, na sauti pekee ya mama iliyobaki ilikuwa kwenye kanda ambayo baba alijirekodi siku alipopandishwa cheo. Baba yule, Mungu amzidishie umri, ana domo! Anajisifu mwanzo mpaka mwisho, na nyuma yake, kwa mbali, mama anaimba huku kafumba mdomo. Shangazi ndiye aliyemweleza: "Mama yako alikuwa na furaha siku ile, mwanangu. Aliimba jikoni kutwa nzima." Utoto wake wote, Sikio alilala kwa kubembelezwa na mvumo ule.

Kanda ilipoanza kuchakaa, akampa mhandisi mwenzake aiondolee mikwaruzo. Siku alipoitwa kuisikiliza, sauti ya baba ilitoka safi, utadhani yumo chumbani. Nyuma yake hakukuwa na kitu.

"Mama yuko wapi?"

"Mama yupi tena?"

"Huyo aliyekuwa anavuma!"

Mhandisi akashika kichwa. Pale kituoni mvumo ni uchafu wa umeme, unatolewa bila kuulizwa. "Dada, nilidhani ni umeme! Lakini subiri, usinimeze mzimamzima. Tunachotoa hatukitupi, kipo hapa pembeni."

Sikio akashusha pumzi. Wakaingia kwenye chumba cha kimya, kile chenye kuta za sponji zisizorudisha mwangwi, wakafunga mlango. Mhandisi akafungulia. Kwa mara ya kwanza mama alisikika peke yake, bila domo la baba juu yake.

Sikio alitabasamu, halafu tabasamu likamkauka. Wimbo gani huu unaokatika kila pumzi? Kulikuwa na kwikwi. Kulikuwa na mtu anayevuta kamasi, anajiziba mdomo, anashindwa, anaanza tena. Akairudisha nyuma, akasikiliza upya, akiomba walau leo awe amekosea.

"Huyu haimbi," mhandisi akanong'ona. "Analia."

"Nyamaza wewe!"

Miaka yote ile, kumbe alikuwa anabembelezwa na kilio! Alitoka nje, akampigia baba.

"Baba, ile siku ya kanda yako, mama alikuwa analia."

Baba, ambaye hata salamu huifanya hotuba, safari hii alikuwa na maneno mawili tu.

"Nani kakuambia?" akauliza.