Ampuli Moja Mbele ya Kioo

Enzi zetu, picha ya ndani ya nyumba ilikuwa na harufu. Ampuli ya flashi, yaani balbu yake ndogo, iliwaka mara moja tu, ikanuka plastiki iliyoungua, nawe ukabaki kupuliza vidole. Kabla ya kuichomeka uliilamba kitako ili umeme upite vizuri. Wajukuu wangu hudhani nawatania.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, hapa mtaani kwetu Katuba, na mjomba alikuwa ameniazima kamera yake. Katanga, jimbo letu, ilikuwa imejitangaza nchi. Ilikuwa na bendera yake na stempu zake; ampuli za flashi haikuwa nazo. Mimi nilibakiwa na moja.

Mjomba alinifundisha vizuri: usisimamishe watu mbele ya kitu kinachong'aa, rudi nyuma hatua nne, funika flashi kwa leso nyeupe, la sivyo watatoka kama wamemwagiwa unga. Niliitikia kwa kichwa tu. Nilijiona fundi tangu tumboni.

Jirani yetu Mama Ngalula alikuwa anafunga mizigo. Watoto wake wote aliwazaa Katuba, lakini wakubwa wa nchi mpya, kwa akili zao nyingi, walikuwa wameamua kwamba Wakasai kama yeye ni wageni. Kesho yake asubuhi angepanda treni ya waliofukuzwa. Yeye na mama yangu walitaka picha moja pamoja, mama abaki nayo.

Fahari ya sebule yetu ilikuwa kabati la kioo. Katuba yote, picha bila kabati ilikuwa aibu. Watu wangejuaje kama unalo? Nikawapanga hapo hapo, Mama Ngalula katikati ya kioo, mama pembeni.

"Baba, hii kioo haitaleta matata?" Mama Ngalula aliniuliza.

"Mama, minajua hii kazi. Cheka tu kidogo."

"Nicheke nini? Banatufukuza!"

Wote wawili wakaangua kicheko. Nikabonyeza, hatua mbili mbele yao, leso ikiwa mfukoni.

Picha ilipotoka studio, mama alionekana anacheka, mkono wake kwenye bega la mwenzake. Juu ya bega hilo hapakuwa na uso. Mwanga uliorudi kutoka kwenye kioo ulikuwa umeula wote. Nilimwambia mama kwamba mwenye studio ndiye aliyeharibu. Alimtukana yule masikini mpaka sokoni, nami nikamsaidia.

Mama Ngalula hakurudi. Mama alipozeeka aliniuliza, "Rafiki yangu alikuwa na mwanya ao hapana?" Nilimjibu ndiyo. Sikuwa nakumbuka. Alikufa bila mimi kumwambia ukweli.

Leo mjukuu wangu anapiga picha arobaini za sahani ya bukari, ugali wetu, anafuta thelathini na tisa, anakula. Majuzi nilimwonyesha picha ile.

"Kambo, sababu gani haukupiga ingine?" aliniuliza mimi babu yake.

Ampuli nilimweleza. Treni ilinishinda kueleza.